Keki Kumi na Sita za Anderlin

Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, Doña Nereyda Polanco huzima tanuri, huvua aproni, hujitwisha kiti cha plastiki na kwenda kutazama wavulana ambao hakuna anayewajua.

Wavulana hao ni wa Nguva. Nguva ni timu ya besiboli. Wakubwa wao wanacheza Marekani, katika mji wenye theluji ambao Doña Nereyda hajawahi kuuona wala kuuliza uko upande gani. Shule yao ya vijana ndiyo iko hapa kisiwani kwetu, San Pedro, nyuma ya mashamba ya miwa, na kwake yeye hao ndio Nguva, hakuna wengine. Usiku wa mechi kubwa mtaa mzima wa Punta Seca hujazana dukani mbele ya televisheni, kelele mpaka mbwa wanahama. Yeye yuko jikoni anapiga mayai.

Mwaka juzi walimgongea dirisha.

"Doña, njoo! Rijo yuko uwanjani! Rijo yule uliyemfuata tangu ana miaka kumi!"

"Ameshafika?"

"Ameshafika, yuko kwenye televisheni, mama!"

"Basi kama ameshafika, nikamtazamie nini?"

Akachukua kalamu nyekundu, akafungua daftari, akampiga Rijo mstari mmoja ulionyooka, kama mtu anavyofutwa kwenye orodha ya wanaoombewa.

Daftari hilo lina ncha mbili. Kazi ya Doña Nereyda ni keki za siku ya kuzaliwa, zile zetu zenye jemu ya nanasi katikati na povu la mayai na sukari juu. Keki huanzia mbele ya daftari: jina la mtoto, tarehe, anatimiza miaka mingapi, povu la rangi gani. Ukiligeuza, wavulana huanzia nyuma: nani kapiga, nani kakosa, nani anaogopa mpira unaomjia kifuani. Kurasa zikikutana katikati, daftari limekwisha, anafungua jingine. Anayo arobaini na moja, yote kwenye kabati la unga, na yote yananukia vanila.

Ana sharti moja. Haongei na kijana anayemfuata. Hata salamu humwitikia kwa nyusi tu.

"Ukiongea na mtu utampenda," alimwambia Don Chago siku moja. "Na ukimpenda, mpira aliokosa utauona kaupiga."

Don Chago huuza barafu ya kukwangua yenye sharubati, na siku za mazoezi huegesha toroli lake ubavuni mwa kiti cha Doña Nereyda. Yeye ni shabiki wa aina nyingine. Kwake kila kijana ni bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa kisiwani, mpaka akose mara moja. Hapo huwa gunia la miwa.

"Huyu mrefu umemwona? Huyu anafika, naapa kwa mama yangu!"

"Hafiki."

"Kwa nini?"

"Anafumba macho."

"Doña, wewe una roho ya chumvi."

Baada ya wiki tatu yule mrefu akarudishwa kwao. Doña Nereyda hakusema kitu. Hata sura ya kusema kitu hakuiweka, na hiyo ilimuudhi Don Chago zaidi.

Sasa, Anderlin. Anderlin anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Doña Nereyda, na mama yake, Mireya, anayefua nguo za hoteli. Aliingia upande wa nyuma wa daftari akiwa na miaka minane, siku alipovunja kioo cha jikoni kwa mpira wa soksi uliojazwa mawe. Mtaa ulitarajia matusi. Doña Nereyda alitoka, akapima kwa hatua kutoka dirishani hadi aliposimama mtoto, akarudi ndani kuandika: *Dirisha. Mkono wa kushoto. Hatua thelathini na nne.* Kioo akanunua mwenyewe.

Alipofika miaka kumi na mitano Anderlin alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na mtaa mzima ulimwogopa. Kwetu kijana haendi kwa Nguva kwa miguu yake, hupelekwa na dalali, mtu anayemlisha, anayemfundisha na anayemsemea. Dalali wa Anderlin ni Quilvio, mwenye kofia nyeupe na simu mbili, ambaye akisema "kijana wangu" huwezi kujua anamtaja yupi kati ya kumi na wanne. Quilvio alipatana na Nguva: Novemba kijana anatimiza miaka kumi na sita, Januari anatia saini.

Na hapo pana jambo. Nguva huwachukua wakiwa na miaka kumi na sita. Akiwa na kumi na minane, mkono ni ule ule, mpira ni ule ule, lakini hawamtaki, amekuwa mkate wa jana. Kwa hiyo Punta Seca kukata umri ni jambo la kawaida. Watu hulizungumzia kama kunyoa: huyu kakata miwili, yule kakata mitatu, yule kakata mpaka amekuwa mdogo wa mdogo wake.

Anderlin hakuwa amekata hata siku moja. Balaa lilianzia hapo.

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa cha kweli lakini kilichelewa. Mireya alimwandikisha akiwa na miaka mitano, kwa sababu ofisini walitaka karatasi za baba, na baba alikuwa amekwenda Puerto Rico kwa boti na hajaleta karatasi wala salamu hadi leo. Nguva wakiona cheti kilichochelewa humtuma mchunguzi. Desemba wakamtuma bwana mmoja aitwaye Tejeda, mwanasheria wa shati la mikono mirefu iliyofungwa vifungo kwenye jua la saa saba, ili aulize mtaani.

Siku hiyo Doña Nereyda alikuwa Hato Mayor kupeleka keki ya harusi ya ghorofa nne. Aliporudi jioni, akiwa na masanduku matupu, alimkuta Don Chago anamsubiri mlangoni, anang'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Doña! Leo tumemwokoa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Anderlin! Alikuja mpelelezi wa Nguva. Mimi akaniuliza, 'Mzee, huyu kijana ana miaka mingapi?' Nikamwambia bila kupepesa: kumi na minne."

Doña Nereyda akaweka masanduku chini.

"Ana kumi na sita, Chago."

"Najua anasema kumi na sita! Ndiyo maana nikashuka kidogo, apate nafasi."

"Ana kumi na sita kweli."

Don Chago akamtazama. "Kweli kweli?"

"Keki nimepika mimi."

"Sasa nani angejua?" Don Chago aliuliza kwa uchungu. "Siku hizi nani ana umri wake mwenyewe?"

Basi habari ikatoka kidogo kidogo, kabla usiku haujaingia. Kinyozi naye alisaidia, akasema kumi na mitano. Mwenye duka alisema kumi na mitatu, ila anakula vizuri. Mwalimu wa zamani, ambaye hakutaka kudanganya, alisema hakumbuki, kwa sauti ya mtu anayekumbuka. Mama wa ubatizo wa Anderlin ndiye aliyemaliza kazi: alisema mtoto alizaliwa usiku wa kimbunga. Kimbunga kipi, akaulizwa. Kile kikubwa, akajibu, kilichobeba paa la kanisa. Paa la kanisa lilibebwa miaka ishirini na sita iliyopita.

Kwa hiyo katika karatasi za mwanasheria Tejeda, Anderlin alikuwa na umri kati ya miaka kumi na mitatu na ishirini na sita.

Kesho yake Mireya na Quilvio walifika kwa Doña Nereyda asubuhi, tanuri likiwa bado na moto. Mireya mikono ilikuwa na sabuni hadi viwikoni. Quilvio alikuwa amevua kofia, jambo ambalo mtaani hatujawahi kuliona tena.

"Anarudi Alhamisi, jirani," Mireya alisema. "Amesema asipopata kitu cha kuaminika, ataandika umri haujulikani. Wakiandika hivyo basi. Hakuna timu nyingine itakayomgusa, wote wanasomeana karatasi."

"Doña, wewe una vitabu," Quilvio akaingilia. "Keki zake zote. Moja hadi kumi na sita. Huyo bwana akiona vitabu vile, mchezo umekwisha."

"Zimo zote," Doña Nereyda alisema. Akaendelea kupaka mafuta kwenye sufuria ya keki. "Lakini vitabu vina upande wa nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

Alifuta mikono, akafungua kabati, akahesabu migongo ya madaftari kwa kidole na kutoa moja. Akaligeuza, akafungua ukurasa wa kwanza wa nyuma, akamkabidhi Quilvio. Quilvio akasoma kimya kimya, midomo ikitembea. Ilikuwa Novemba, miaka miwili iliyopita: *Anderlin alirusha mipira arobaini. Baada ya wa thelathini anashika kiwiko akidhani hakuna anayemwona. Quilvio akamuuliza, akasema hakuna kitu. Kuna kitu.* Na chini yake, kwa wino mwingine, Machi: *Kiwiko tena.* Juni: *Kiwiko.* Halafu, kama mtu aliyechoka kurudia: *Wanampotezea wakati kwenye kurusha. Huyu ni mpigaji. Hakuna anayeniuliza.*

Quilvio alifunga daftari polepole.

"Hili tunaliacha kabatini."

"Ataona pengo. Mtu gani anayekula keki miaka kumi na mitatu, anaruka mmoja, halafu anaendelea?"

"Basi tuchane huu ukurasa. Mmoja tu, Doña. Chwaa, kwisha."

Doña Nereyda alilichukua daftari, akalifungua katikati palipo na pini, akamwonyesha. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, lile ambalo karatasi moja hukunjwa ikawa kurasa za mbele na za nyuma. Akashika karatasi ya kiwiko kwa vidole viwili, akaifuata hadi kwenye pini, akatokea upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa umeandikwa: *Anderlin wa Mireya. Miaka 14. Povu la kijani.*

"Ukichana kiwiko," alisema, "keki inadondoka."

Quilvio akavaa kofia.

Mireya alikuwa anautazama ule ukurasa bila kuushika, kwa sababu ya sabuni.

"Kiwiko gani?" akauliza.

Doña Nereyda alikwenda mlangoni. Katika miaka minane alikuwa hajamwambia kijana yule neno hata moja, na sasa aliita jina lake kwa sauti ya kuita mtoto aje kula. Anderlin akaja na mswaki mdomoni, akasimama kizingitini kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Kinauma lini?" Doña Nereyda aliuliza.

Anderlin akamtazama Quilvio, akamtazama mama yake, akatoa mswaki.

"Mpira wa kupinda tu."

"Na wa kasi?"

"Wa kasi... baadaye. Usiku."

"Tangu lini?" Mireya akauliza.

"Siku nyingi, mama."

"Na mimi nalala chumba hicho hicho!"

"Nilikuwa naumwa kimya kimya."

Mireya akaketi kwenye gunia la unga, ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kulikalia, na Doña Nereyda akamwacha.

"Doña, sikiliza," Quilvio alisema, sauti ameishusha. "Mwache atie saini kwanza. Kiwiko kitajulikana baadaye, kwao, watamtibu wao. Wana madaktari kama mchanga. Ukimpelekea yule bwana vitabu vyote, Nguva watamwacha. Usipompelekea, watamwacha. Sasa wewe ni shabiki wa nani?"

Doña Nereyda alimgeukia Mireya, maana mtoto ni wa Mireya.

"Akiendelea kurusha hivyo hivyo inakuwaje?" Mireya akauliza.

"Nimewaandika wanne waliokuwa hivyo," Doña Nereyda alisema. "Mmoja anaendesha pikipiki za abiria. Kwa mkono wa kulia tu."

Keki iliyokuwa tanurini ikaanza kunukia kuungua ukingoni, na hilo pia halijawahi kutokea.

"Peleka vyote, jirani," Mireya akasema.

Anderlin akarudisha mswaki mdomoni. Yeye ndiye aliyebeba madaftari kutoka kabatini hadi mezani, kwa mkono wa kulia.

Alhamisi mwanasheria Tejeda alikuja akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuandika jibu. Alipoona madaftari yale mezani akafungua vifungo vya mikono. Akakaa. Alisoma kwa muda wa saa nne. Mara mbili aliletewa kahawa, mara tatu kipande cha keki, na kila kipande alikataa kwanza.

"Kitabu kimoja mtu anaweza kukiandika jana usiku," alisema hatimaye. "Vitabu kumi na sita vyenye madoa ya siagi ya miaka kumi na sita, hapana." Akapiga mhuri karatasi yake. "Ana miaka kumi na sita."

Nje, dirishani, Don Chago alipiga yowe. Punta Seca yote ilikuwa imekaa ukutani hapo, na kinyozi alianza kumpongeza kila mtu kwa msaada wake.

Ndipo mwanasheria akaligeuza daftari.

Alisoma upande wa nyuma kwa muda mrefu zaidi kuliko wa mbele. Wakati mwingine alitabasamu, akaacha. Alifika kwenye kiwiko, akatoa kalamu, akanakili. Mireya aliyekuwa amesimama jikoni aliiona ile kalamu ikitembea, akafumba macho hadi iliposimama.

"Na huyu," Tejeda akauliza, kidole kikiwa mahali pengine kabisa, "kijana wetu wa mwaka jana, Severino. Umeandika, 'hatafika, anaogopa mpira wa kifuani.' Una uhakika?"

"Mtupieni wa kifuani."

Akanakili na hilo pia.

Januari vijana wenzake Anderlin walitia saini. Anderlin alipelekwa kwa daktari wa Nguva, akapigwa picha za kiwiko. Kano ilikuwa imechanika kidogo, si yote. Daktari alisema angerusha miezi miwili mingine ingekatika kabisa. Alikatazwa kugusa mpira mpaka Machi. Quilvio aliacha kumlisha, akahamia kwa kijana mwingine, "kijana wangu". Mireya alifua nguo za hoteli mbili badala ya moja. Alipokutana na Doña Nereyda dukani alimsalimia, lakini salamu yenyewe ilikuwa fupi, na Doña Nereyda hakuirefusha. Alikwenda uwanjani Jumanne na Ijumaa. Mkononi alikuwa na daftari, na kwenye ukurasa wa Anderlin hakukuwa na cha kuandika. Aliandika tarehe tu. Tarehe tisa, kumi na mbili, kumi na sita. Don Chago aliziona, akampa barafu ya bure, na hiyo kwa Don Chago ni kama msiba.

Machi Nguva wakamwita Anderlin uwanjani, wakampa gongo. Inasemekana mtu mmoja huko ofisini alikuwa na karatasi iliyonakiliwa kutoka mahali fulani: *Huyu ni mpigaji. Hakuna anayeniuliza.* Mpira wa tatu ulipita juu ya ukuta, juu ya barabara ya miwa, na haujapatikana. Wakamtia saini Jumatatu iliyofuata. Anacheza kituo cha kwanza, mahali ambapo mkono haufanyi kazi nyingi.

Don Chago alimshika Doña Nereyda mabega. "Sema kitu, mwanamke! Uliandika miaka miwili iliyopita! Sema kitu!"

"Wa kwanza na wa pili aliikosa," alisema Doña Nereyda.

Habari zilienea San Pedro nzima, ila zilienea kwa namna yake. Watu hawakusikia kwamba kuna mama anayeandika kweli. Walisikia kwamba Nguva wanaamini keki. Kufikia Aprili akina mama walikuwa wanakuja hata kutoka mji wa Consuelo kuagiza keki, na madalali nao. Quilvio peke yake aliagiza tano kwa siku moja, zote za miaka kumi na mitatu, ili vijana wafike kumi na sita bila haraka. Mwanamke mmoja aliagiza ya miaka kumi na miwili, na kijana mwenyewe ndiye aliyemleta kwa pikipiki.

Doña Nereyda hakukataa keki hata moja. Mishumaa alichomeka kama alivyoagizwa. Kwenye daftari, mbele, aliandika: *Keki ya 12, povu la bluu. Ana masharubu.* Kisha, kwa kuwa kijana alimrushia mama yake funguo kutoka upande wa pili wa barabara, akaligeuza daftari akaandika: *Mkono si mbaya.*

Novemba foleni ilifika hadi mlango wa kinyozi. Anderlin alikuja kutoka shule ya Nguva na sare yake, akasimama nyuma ya wavulana warefu wenye sauti nzito waliokuwa wanangoja kutimiza miaka kumi na mitatu. Ilipofika zamu yake, Mireya alikuwa pamoja naye.

"Ya kumi na saba, jirani," Mireya akasema. "Povu la kijani."

Foleni ikacheka. "Kumi na saba!" dalali mmoja akasema. "Huyu hana watu wa kumshauri?"

Doña Nereyda aliandika. *Anderlin wa Mireya. Miaka 17.* Akainua kichwa kuita anayefuata, lakini Anderlin hakuondoka.

"Doña," akasema, akiangalia sakafu. "Ijumaa nilikosa mara ngapi?"

Doña Nereyda akaligeuza daftari, ingawa hakuhitaji.

"Tatu."

"Kocha alisema mbili."

"Kocha anakupenda," alisema Doña Nereyda, na akaita anayefuata.